Babu yangu hakutoka Pakistan

Bwana Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu ujana wangu, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Mlipokosea jina la marehemu katika tanzia nilinyamaza. Mlipoandika kwamba kaskazi huvuma mwezi wa Julai nilinyamaza pia, nikasema huyu mwandishi hajapata kuiona bahari. Lakini ile taarifa yenu ya kurasa mbili kuhusu bandari za Gwadar, iliyo Pakistan ya leo, na Chabahar ya Iran imenikwama kooni, na wiki iliyopita imenitia hasara kabisa, kama nitakavyoeleza.

Unaikumbuka. Ndiyo ile iliyoanza kwa kusema Gwadar ilikuwa "kijiji cha wavuvi kisichojulikana" mpaka kampuni ya Kichina ilipokabidhiwa bandari mwaka 2013, na kwamba Chabahar "imegunduliwa" na Wahindi kwa mkataba wao wa miaka 10 wa Mei 2024. Halafu mwandishi akaiita mistari inayotenganisha Iran, Pakistan na Afghanistan "mipaka ya asili". Ya asili! Utadhani imeota pale kama mikoko.

Kisichojulikana na nani? Khan wa Kalat, mtawala wa Wabulushi, alimkabidhi Gwadar Sultan bin Ahmad wa Oman mwishoni mwa karne ya 18. Mwanawe, Seyyid Said, ndiye aliyeitwaa Mombasa mwaka 1837, na tangu hapo mpaka alipofariki baharini mwaka 1856, mji huu ninaokuandikia na ule wa Gwadar ulikuwa na mtawala mmoja. Askari wa Kibulushi waliolinda ngome za pwani hii walitoka kule na maeneo ya jirani, na neno jemadari tunaloliimba mashuleni ndilo walilomwita mkubwa wao. Hata hiyo Chabahar ilikuwa mkononi mwa watu wa Maskati, yaani Oman hiyo hiyo, mpaka Waajemi, watu wa Iran ya leo, walipoichukua mwaka 1872. Bandari mbili ambazo mwandishi wenu anazipiganisha leo, ambazo hazifiki kilomita 200 kati yake, zilikuwa na bwana mmoja. Jambo hilo halikupata hata sentensi.

Mimi nimestaafu kazi ya kutoa mizigo bandarini. Kwa miaka 31 nimesimama kwenye madirisha ya forodha nikiwa na faili kwapani, kwa hiyo mpaka naujua. Mpaka ni karatasi, na nyuma ya karatasi yupo mtu mwenye shida yake. Huko Makran, ndiyo pwani yenye bandari hizo mbili, shida ilikuwa waya. Mwaka 1864 Waingereza walilaza kebo ya telegrafu chini ya bahari kutoka Gwadar mpaka Fao, Iraq ya leo, ili India ipate kuzungumza na London. Waya ukishapita ufuoni lazima ijulikane ni ufuo wa nani, nani alipwe na nani akamatwe ukikatwa. Basi aliyetumwa kuamua mpaka wa Uajemi na Kalat mwaka 1871 ni Frederic Goldsmid, yule yule aliyekuwa akiisimamia hiyo telegrafu! Mwaka uliofuata akapanda Sistan, kule Uajemi inakopakana na Afghanistan, akaigawa baina ya Waajemi na Waafghani, pande zote mbili zikanuna. Sehemu ya mpaka aliukabidhi mto Helmand. Mto haujui kusoma mikataba, na mwaka 1896 ukahama. Ikabidi Waingereza wamtume Henry McMahon akae kule tangu 1903 mpaka 1905, naye akaamua Uajemi wapewe thuluthi moja ya maji. Wakakataa. Mkataba wa mwaka 1973 ukawapa mita za ujazo 26 kwa sekunde, na bado Mei 2023 walinzi wa Iran na wa Taliban walipigana risasi hapo hapo mpakani. Mwandishi wenu ameyamaliza yote hayo kwa neno moja: ukame.

Lakini kilichonichoma zaidi ni pale alipoandika kwamba ushindani wa kibiashara katika eneo hilo ni "jambo jipya la karne hii". Bwana Mhariri, mwambie akae. Reli ya Warusi ilifika Ashgabat mwaka 1885, karibu kabisa na mpaka wa Khorasan, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Uajemi, na soko la mji wake wa Mashhad likafurika sukari na vitambaa vya Urusi. Waingereza, kwa kuhofia kwamba leo ni sukari na kesho ni mizinga kuelekea India, wakafungua njia yao ya misafara mwaka 1896 kutoka Quetta, Pakistan ya leo, kupitia Nushki mpaka Sistan, wakachimba visima na kujenga vituo jangwani ili ngamia wa chai wasife njiani. Kila upande ukapeleka balozi wake mdogo Sistan, mahali penye nzi na upepo wa siku 120, wakae wakichunguliana. Tauni ilipozuka Bombay mwaka 1896, Warusi wakaweka karantini kwenye njia za Khorasan, na madaktari na askari wao wa Cossack wakawa ndio wenye kusema nani apite. Waingereza walilalamika kwamba kinachozuiwa si tauni bali ni biashara ya India. Mimi siwaonei huruma Waingereza, wamefanya hayo hayo kwingine, ila malalamiko yao nayaelewa, maana mbinu hiyo tunaijua sote tuliokula chumvi ya bandarini. Ukitaka kumfilisi tajiri huna haja ya bunduki. Mwambie tu kontena lake linasubiri sampuli. Kisha ukaja ushuru. Tangu mkataba wa Turkmanchay wa 1828, baina ya Urusi na Uajemi, mgeni alilipa asilimia 5, basi. Uajemi wakawaajiri Wabelgiji waendeshe forodha, mkubwa wao akiitwa Joseph Naus, na mwaka 1903 ukatoka utaratibu mpya ulioibeba bidhaa ya Urusi na kuibana chai ya India. Huyo Naus, kwa taarifa yako, alikuja kuonekana kwenye picha amevaa joho na kilemba cha shekhe katika karamu ya mavazi ya kuigiza, na picha hiyo mwaka 1905 iliwatoa watu barabarani Tehran. Nimewajua wakubwa wa forodha wenye mambo mengi, lakini la kilemba sijaliona. Na mwisho wa yote, tarehe 31 Agosti 1907, Warusi na Waingereza wakaketi St Petersburg na kuigawa Uajemi: Warusi kaskazini yote pamoja na Tehran, Waingereza ile pembe ya kusini-mashariki kwa mstari unaotoka mpaka wa Afghanistan, ukapita Gazik, Birjand na Kerman, ukashuka mpaka Bandar Abbas. Waajemi, ambao mwaka mmoja tu nyuma walikuwa wamejipatia katiba na bunge, hawakuulizwa. Jambo jipya la karne hii!

Sasa nije kwenye hasara niliyoitaja. Mjukuu wangu wa kike ametimiza miaka 18, nami nikampeleka kwenye ofisi moja, siitaji, kuomba kitambulisho. Tulifika saa moja asubuhi, tukafikiwa saa sita na nusu. Binti aliyekuwa dirishani, mpole kwa kweli, akaliona jina letu la mwisho.

"Mzee, Bulushi ndio nini?"

"Ndio sisi, mwanangu. Wabulushi. Tuko hapa kabla ya hii ofisi."

"Babu yako alizaliwa wapi?"

Nami kwa ujinga wa kusema kweli nikajibu, Gwadar. Akachukua simu yake, akabonyeza, akanigeuzia. Ilikuwa ni taarifa yenu, Bwana Mhariri! Na ile picha ya kreni. "Si hii hapa? Iko Pakistan. Imeandikwa gazetini. Kwa hiyo babu yako alikuwa Mpakistani, na wewe ulete hati ya kuthibitisha aliuacha lini uraia wa Pakistan."

Nikamweleza taratibu kwamba babu alizaliwa wakati wa Sayyid Faisal bin Turki wa Maskati, akaja na jahazi la tende na samaki mkavu kabla ya vita vya kwanza, akazikwa hapa mwaka 1939. Pakistan ilizaliwa mwaka 1947. Mtu atauachaje uraia wa nchi iliyoanzishwa yeye yuko kaburini miaka minane? Na Gwadar yenyewe haikuwa ya Pakistan hata wakati huo. Oman iliiuza kwa pauni milioni 3 na kuikabidhi Septemba 1958, mimi nikiwa na miaka mitano na babu ana miaka 19 chini ya udongo. Binti akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo sawa mzee, lakini kwenye kompyuta hakuna Maskati ya Gwadar." Akatuandikia turudi Jumanne na cheti cha kuzaliwa cha babu. Nikamuuliza kitatolewa na nani. Akasema, "Huko kwenu."

Huko kwetu ni Makadara, Bwana Mhariri. Nilikuja kwa miguu.

Njiani mjukuu akaniambia kitu kilichonitia uchungu zaidi. Anasema shuleni wamekariri mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 mpaka majina ya waliohudhuria, ila kuhusu Uajemi daftari lake lina mstari mmoja: "Haikutawaliwa na wakoloni." Nikamuuliza mwalimu alieleza nini zaidi. Akasema hakueleza, maana haiji kwenye mtihani. Basi tunalea watoto wanaojua kwamba Afrika iligawanywa mezani, nao wakidhani sisi peke yetu ndio tuliofanyiwa hivyo, na wengine wote mipaka yao waliipata kwa mvua. Na hao hao ndio mnaowaajiri waandishi. Na mkishawaajiri hamwapi hata atlasi, mnawapa intaneti na saa moja ya kumaliza kazi. Zamani taarifa ya nchi za nje ilipita mikononi mwa watu watatu kabla ya kuchapwa, na mmoja wao alikuwa mzee mkali asiyecheka. Yuko wapi yule mzee?

Mimi sitaki radhi ya mistari miwili chini ya tangazo la viwanja. Napendekeza hivi. Kwanza, nunueni rula ya sentimita 60 na ramani kubwa ya ukutani, na kila mwandishi atakayetaka kuandika "mpaka wa asili" apige kwanza kwa mkono wake ule mstari wa Gazik, Birjand, Kerman mpaka Bandar Abbas, kisha aonyeshe mlima au mto alioufuata. Pili, atakayeandika "kijiji cha wavuvi" kuhusu mji wowote wenye forodha iliyoitangulia forodha ya babu yake, atozwe kilo moja ya halwa, ya lozi, iletwe barazani kwetu baada ya alasiri. Tatu, kwa kuwa gazeti lenu sasa limekuwa ni hati ya serikali kwenye madirisha ya watu, naomba mniandikie, kwa barua yenye mhuri, kwamba Gwadar katika mwaka aliozaliwa babu yangu ilikuwa chini ya Maskati. Mhuri wowote utatosha, hata wa kantini.

Ifike kabla ya Jumanne, tafadhali. Dirisha lile linafungwa saa saba.

Wakala mstaafu wa mizigo,
Makadara, Mombasa