Risala ya wazazi wa madarasa ya chini kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi diwani wetu, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, walimu, wazazi wenzangu, na nyie wanetu mliokaa hapo mbele kwenye mkeka, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao sijawafikia habari za asubuhi.

Nimetumwa na wazazi wa awali mpaka la tatu, tulianza kwa kuchangishana buku buku tununue ndoo zenye koki za kunawia mikono, na ndoo zenyewe mheshimiwa umezipita pale mlangoni mwa vyoo.

Sasa kilichotuleta. Mwaka jana mwalimu wa la kwanza alitufungulia daftari la mahudhurio tukae tuliangalie wenyewe, tukakuta magonjwa ya watoto wetu yana miezi yake kabisa kama vile yana ratiba. Mwezi wa nne na wa tano nafasi zimejaa utoro, ukiuliza unaambiwa malaria, kuhara, malaria tena. Mwezi wa saba ni vifua. Disemba shule imefungwa lakini ukipita mtaani unakutana na mtoto kafungwa POP, yaani plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, mkono, kaanguka kwenye mwembe. Tukasema kama miezi tunaijua mbona huwa tunashtuka kila mwaka? Ndo tukaamua tuwe tunajiandaa mwezi mmoja kabla, masika ikianza mwezi wa tatu sisi mwezi wa pili tuwe barabarani.

Kwahiyo mwezi wa pili huu tumepita nyumba kwa nyumba. Tulichokikuta kuhusu vyandarua kinaumiza, mama kapewa kliniki chandarua kizima chenye dawa kazungushia bustani ya mchicha, mtoto analala wazi. Hatukumgombeza mtu, tulikaa tukaongea, wengi wanasema joto. Tukaelewana kwamba watu wazima wavumilie watakavyo ila mtoto wa chini ya miaka mitano alale ndani ya neti kila siku, masika na kiangazi. Na homa ikipanda apimwe kwanza, siku hizi kipimo ni tone la damu na dakika chache tu, akikutwa na malaria akaandikiwa dawa mseto ameze dozi yote asubuhi na jioni siku 3, sio siku ya pili kachangamka anacheza kombolela vidonge vinabaki kabatini. Mimi mwenyewe nilishafanya hivyo kwa mwanangu wa pili, baada ya wiki akapata degedege usiku, bibi yake anataka tumfukize, baba yake kakimbilia bodaboda tukaenda hospitali. Mungu alimponya. Naomba hili mama yeyote asilipite kama nilivyopita mimi, degedege ni hospitali usiku huohuo.

Mbu wa homa ya dengi yeye anauma mchana, anazaliana kwenye maji yaliyotulia, ndoo, matairi, vifuu. Dar imeshapata mlipuko mwaka 2014 na 2019 hatuna cha kujifanya hatujui. Mtoto mwenye homa mpe panadol kwa kipimo chake, asprini na diklofenaki usimpe.

Kuhara nako, pakiti moja ya ORS, ile ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ni lita moja ya maji safi, tulikuta nyumba nyingi wanaikoroga kwenye glasi, na zinki ni siku 10 mpaka 14 hata kama tumbo limeshakata.

Mheshimiwa, hapa naomba unisikilize zaidi. Watoto wetu karibu nusu wanavuka mfereji unaomwaga Msimbazi ndo wafike hapa, na wewe unaujua huu mto, Disemba 2011 uliwahamisha watu bondeni mpaka Mabwepande. Aprili 2024 Arusha gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji, watoto walioagwa asubuhi nyumbani kwao hawakurudi. Sisi siku ile hakuna aliyefanya kazi, kila mzazi alikuwa anaangalia tu simu na kuangalia mfereji. Maji ya mafuriko hata yakiwa magotini kwa mtu mzima yanamtoa mtoto miguu, na huoni chini kuna karo lililofunuka au shimo. Tumekubaliana na walimu mvua ikinyesha kubwa mtoto anabaki darasani mpaka mzazi afike, hata iwe saa mbili usiku, na walimu wetu wamekaa kweli, tunawashukuru sana. Asubuhi kukiwa na mvua hiyo mtoto asitoke nyumbani, na mwalimu mkuu amekubali asiadhibiwe.

Kipupwe nitapita haraka, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mlango umefungwa mkalala, ile hewa yake haina harufu na inaua. Mtoto anayepumua harakaraka na mbavu zinabonyea ndani hiyo sio mafua, apelekwe. Na embe tutawachumia wenyewe kwa upondo, wanangu mmesikia eeh?

Maombi yetu ni matatu. Kivuko cha miguu chenye kingo pale kwenye mfereji, hata cha mbao kwa kuanzia, mafundi tunao humu humu kwa wazazi na nguvukazi tutatoa sisi, tunakosa mbao na nondo. La pili mashimo mawili yaliyoachwa wazi nyuma ya uwanja yafunikwe. La tatu mtaro usafishwe kabla ya mwezi wa tatu, sio baada.

Leo tarehe 18 mwezi wa pili mheshimiwa, zimebaki siku kama kumi. Tukimaliza hapa kabla ya soda tunaomba utembee na sisi mpaka pale mfereji ulipo, ni dakika tano tu kwa mguu.

Naomba kuwasilisha.