Maharage ya mbegu tusiyachume mabichi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakulima wenzangu wa maharage hapa Mbeya, hasa sisi tunaojiwekea mbegu wenyewe.

Mwaka jana mwezi Machi nilipungukiwa mbegu, nikanunua debe moja la maharage ya njano kwa mchuuzi gulioni. Yalikuwa yamepepetwa, hayana kapi. Siku ya kumi nikapita shambani, yaliyoota hayafiki nusu. Nikafukua kwa kidole, nikakuta mbegu zimeoza, zimekuwa uji.

Nikarudi nyumbani nikamwaga yaliyobaki kwenye ungo, juani. Hapo ndipo nilipoona. Yenye njano iliyokolea yalikuwa machache. Mengi yalikuwa na ukijani kwa mbali karibu na kitovu, ngozi imejikunja, mepesi mkononi. Hayo yalichumwa ganda bado bichi, yakaanikwa. Jua hukausha tu, halikomazi. Mengine yalikuwa yamefifia kuelekea kahawia. Hayo yalikomaa vizuri ila ni ya zamani. Harage likikaa sana kwenye joto ngozi hugeuka rangi, na nguvu ya kuota hupungua.

Sababu naijua, maana hata mimi nimefanya. Maharage mabichi yana bei, ada ya mtoto inadaiwa, basi tunachuma maganda yote yaliyoshiba tunauza. Viganda vya mwisho, vilivyodumaa, ndivyo tunaviita mbegu!

Sasa natenga mistari minne katikati ya shamba, haichumwi bichi hata nikipewa bei gani. Tena natenga kwenye maharage yanayopandwa Machi, siyo ya mvua za kwanza, kwa sababu ya Machi hukauka mwezi Juni mvua imekwisha. Nangoja ganda liwe njano, likauke, ukilitikisa lilie. Napukuchua kwa mkono, kwani fimbo hupasua ngozi ya mbegu. Kabla ya kupanda nahesabu punje 100, nazikunja kwenye kitambaa kilicholowa, siku ya nane nafungua. Zikiota pungufu ya 80, debe lote linakwenda chunguni.

Kwenu wachuuzi, nawaomba sana: mteja akisema anataka ya kupanda, mwambieni mzigo ulivunwa lini, na ganda lilikuwa na rangi gani. Kama hamjui, mwambieni ni ya kupika.

Mama mkulima,
Inyala, Mbeya