Jamhuri sio lazima iwe na demokrasia

Mheshimiwa mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Inaniuma nikiona watu wanabishana ukomunisti, demokrasia na jamhuri kana kwamba ni timu tatu za ligi moja, uchague moja tu, wakati kila moja inajibu swali lake. Jamhuri inakwambia tu mkuu wa nchi sio mfalme wa kurithi, basi. Ndo maana Uingereza, Japani na Sweden sio jamhuri lakini demokrasia ipo, watu wanapiga kura na serikali inang'oka, halafu China ni Jamhuri ya Watu tangu 1949 na chama kinachoshika dola ni kimoja tu.

Ukomunisti wenyewe unaanzia kwenye mali, yaani viwanda na ardhi viwe vya umma visiwe vya matajiri wachache, na Marx na Engels, waasisi wa fikra hizo, waliona mwishowe hata dola lenyewe litatoweka, hakuna nchi iliyofika huko. Muungano wa Sovieti ulikuwa wa jamhuri kabisa, kura zilipigwa, ila kwa miaka mingi mgombea kwenye karatasi alikuwa mmoja. Hapo mwananchi anachagua nini jamani?

Na msiseme wakomunisti hawachaguliki, jimbo la Kerala kule India 1957 waliingia kwa sanduku la kura kabisa, serikali kuu ikaja kuwaondoa 1959.

Ombi langu mhariri, waandishi wako wakiandika habari za nchi yoyote wasiishie kwenye jina lake, watuambie na nani anaweza kuwaondoa wakubwa na kwa njia gani.

Msomaji wako wa kila siku