Nanochembe katika vipodozi zitajwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie nanochembe za metali zilizomo katika baadhi ya vipodozi, na homoni za uzazi za wanawake. Chembe hizi, kama za titani dioksaidi, zinki oksaidi na fedha, hazizidi nanomita 100, yaani ni ndogo kuliko bakteria walio wengi. Majaribio ya panya wa maabara yameonesha kwamba baadhi yake, zikiingia mwilini kwa wingi, hufika hadi kwenye ovari na kuvuruga viwango vya homoni za estrojeni na projesteroni. Ushahidi kwa binadamu bado ni mchache, lakini hiyo si sababu ya kumnyima mwanamke taarifa.

Hapa Ngamiani nimekuta kopo la poda ambalo stika ya bei imebandikwa ikafunika orodha ya viambato. Poda na vipulizio ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, maana chembe zake huvutwa kwa pumzi. Kwenye ngozi isiyo na jeraha hupenya kidogo sana. Kwa hiyo ndugu zetu wenye ualbino wasiache losheni zao za kujikinga na jua, hata zikiwa na chembe hizi.

Umoja wa Ulaya tangu 2013 unataka neno "nano" liandikwe kwenye viambato vya vipodozi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019, liweke sharti kama hilo, na wakaguzi waanze na poda na vipulizio.

Msomaji,
Ngamiani, Tanga