Sukari ikishuka yenyewe

Manyatta, Kisumu
Jumapili jioni

Mpendwa Wanjiru,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema sukari ya damu ya Mzee usiku inashuka hadi 3.1 mmol/L, na nyumbani mnashangilia kwamba sindano ya insulini imeshika. Mimi nilishtuka, dada, maana hiyo ni chini mno.

Mama alianza hivyohivyo. Dozi ya insulini ilikuwa ileile, ugali na omena vilevile, lakini saa nane za usiku anaamka ametota jasho, mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai kinagonga meno. Tukadhani anapona. Kumbe ni figo. Figo ndizo huondoa sehemu kubwa ya insulini tunayodunga. Zikichoka, dawa inakawia mwilini na kuendelea kushusha sukari.

Daktari alitaja na kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza kushika kitu kigeni. Mwili wa anayedungwa unaweza kuitengenezea insulini kingamwili, zikaishika kwenye damu kama makanga aliyekalia chenji yako. Umekula, unaihitaji, huipati, sukari inapanda. Usiku tumbo likiwa tupu, ndipo inaachiliwa. Enzi za insulini ya ng'ombe na nguruwe ilikuwa kawaida zaidi. Ya kibinadamu, yaani iliyotengenezwa ifanane na ya mwili wa mtu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, ilipunguza hayo. Wengi wanazo na haziwasumbui, kwa hiyo usimtishe Mzee. Anzeni na figo.

Mkojo wa Mama ulikuwa na povu, nasi tukasingizia sabuni ya choo! Kliniki moja ilimpima sukari na presha miaka minne, mkojo haikuugusa. Hilo bado linaniuma. Kwa wengi albumini, protini ya damu, huvuja kwenye mkojo kabla kreatinini ya damu, taka ambayo figo huchuja, haijaonyesha kitu, kwa hiyo omba vipimo vyote viwili. Albumini ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, hurudiwa kupimwa kuthibitisha.

Ukimaliza kusoma hii, mpeleke. Beba kitabu chake cha sukari, na kila kipimo kiandikiwe saa, maana saa ndiyo inayosema. Dozi msibadilishe kwa kubahatisha. Kando ya kitanda kuwe na glukosi. Na zile diklofenaki, dawa za maumivu anazojinunulia kwa ajili ya goti, zinaweza kuumiza figo, zifiche mpaka daktari aseme.

Mama anakusalimu. Siku hizi anadungwa kidogo kuliko zamani, na kichwa cha samaki wa ngege bado hanipi.

Niandikie majibu ya mkojo yakitoka.

Rafiki yako,
Akinyi