Wageni wetu Dodoma wanamaliza siku ya mwisho wakilinda mabegi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo sisi madereva bajaji hapa Dodoma tunaliona kila wikiendi. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku mwaka 2024 wageni wameongezeka kweli, watu wa Dar na Moro wanakuja kutembea tu, siyo semina wala vikao vya wizara, wanabeba na watoto waje waone makao makuu ya nchi yao. Mimi nafurahi sana, maana zamani ukitoka Dar na basi unafika umechoka hoi, nani alikuwa anakuja Dodoma kutembea?

Sasa shida iko siku ya kuondoka. Gesti nyingi zinataka uachie chumba saa nne asubuhi, treni aliyokatia tiketi ni ya jioni, hapo katikati mgeni ana mchana mzima, ana mabegi, na jua letu mnalijua.

Juzi nimempakia mama mmoja na wanawe kwenye gesti moja ya mjini, mapokezi wamekataa kumwekea mabegi, eti kikipotea kitu wao hawahusiki. Akaniambia kaka tupeleke stesheni tukakae huko huko. Nikamuuliza mji mmeshauona, akasema jana walishinda kwa ndugu zao Kisasa, mji walipanga kuuona leo. Mtoto mkubwa yuko shule ya msingi, anauliza Bunge liko wapi, nikazunguka nikapita nao barabara ya mbele ya Bunge wakachungulia wakiwa wamebananishwa na mabegi mpaka miguuni, basi, tukaenda stesheni. Iliniuma sana, treni yao ilikuwa bado masaa kibao.

Na mjini kati siyo kwamba hakuna cha kuona. Anzia Nyerere Square pale kwenye sanamu ya Mwalimu, tembea mpaka stesheni ya zamani, hiyo reli Wajerumani waliifikisha hapa 1910 na ndiyo iliyokuza huu mji, pita Kanisa la Anglikana lenye lile kuba, halafu chukua bajaji mpaka Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010. Nusu siku inatosha kabisa. Michoro ya mapangoni ya Kolo kule Kondoa, ile ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006, hiyo ni safari ya kutwa njia ya Babati, tafadhali msiiweke siku ya kuondoka, kuna watu wanatuuliza asubuhi na treni yao ni ya jioni hiyo hiyo.

Halafu kuna zabibu. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu mbichi kwenye joto hili haukai nazo gesti, unazinunua siku unayosafiri ili zifike kwako zikiwa nzima. Kwahiyo siku ya mwisho ndo siku ya mgeni kwenda Soko la Majengo, achukue zabibu, karanga, ubuyu, na mlenda mkavu ampelekee mama yake. Mgeni akishinda stesheni analinda mabegi, yule mama wa sokoni amekosa hela, na mimi nimepata tripu moja badala ya nne.

Wenye gesti nawaomba, mteja amelala kwako na amelipa, mpe karatasi yenye namba, nyingine funga kwenye begi, weka kwenye chumba chenye kufuli mpaka saa kumi na moja, hata ukimtoza buku moja atalipa kwa moyo mweupe. Na Jiji watutafutie chumba kimoja tu karibu na Nyerere Square, chenye makabati ya kufunga na mtu wa zamu, mtu alipie kwa saa. Sisi tulitangazwa makao makuu 1973, jiji tumekuwa 2018, sehemu ya kuacha begi haiwezi kutushinda. Na madereva wenzangu, ile tabia ya kumpandishia bei mtu kwasababu ana mabegi tuiache, yani inakera na wageni wanaambiana.

Kama kuna gesti hapa mjini inayopokea mabegi mpaka jioni, iandike kwenye gazeti hili hili, mimi na wenzangu wa kijiweni tutawapelekea wageni.

Dereva bajaji,
Dodoma