Nakuletea mgeni wa mashua

Kigamboni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shosti yangu Mwanahamisi,

Habari za Bagamoyo? Watoto hawajambo? Mama na presha yake? Mimi mzima, nina wiki ya pili tangu nirudi. Najua nimekaa kimya mno, na msiba wa bibi umenipita nikiwa mbali. Hilo limenikaa moyoni, nitakuja tukae kitako tulizungumze. Leo nina shida, tena ya haraka.

Kuna mgeni anakuja. Ni dada wa Chile niliyekutana naye Venice. Anashuka Dar Ijumaa ijayo, na hataki Serengeti wala hoteli ya ufukweni, anataka kuona watu wanavyounda mashua. Nikamwambia ninaye mwenzangu Bagamoyo ambaye baba yake mdogo ameshika tezo ya kuchongea mbao tangu utoto. Nimekutaja kabla sijakuuliza, nisamehe.

Ngoja nikueleze tulivyojuana, maana nataka umpokee ukijua ni mtu wa namna gani.

Mafunzo ya Padova, kule Italia, yalipokwisha nilibakiwa na siku nne, na Venice ni kama nusu saa kwa treni. Nikabeba begi langu la mgongoni, nikapanga kitanda hosteli ya Mestre, upande wa bara, kwa sababu kule visiwani bei haishikiki. Chumbani tulikuwa sita. Kulikuwa na bibi wa Kijerumani, umri wa mama zetu, begi lake kubwa kuliko langu, ndiye aliyenipa plasta ya malengelenge. Mji wenyewe hauna gari, hauna hata bodaboda. Visiwa zaidi ya 100, madaraja zaidi ya 400, na karibu kila daraja ni kupanda ngazi na kushuka. Mgonjwa anabebwa kwa boti, taka zinazolewa kwa boti. Daladala lao ni boti pia, wanaiita vaporetto, na tiketi moja ni yuro 9.50. Nikakumbuka pantoni letu la shilingi mia mbili, nikatembea kwa miguu.

Siku ya pili nikafika San Trovaso, kwenye karakana ya gondola, zile mashua zao za kasia, nikasimama ng'ambo ya mfereji kuangalia. Vyombo vimepinduliwa matumbo juu. Gondola ina urefu wa mita 11 hivi, na ubavu wake wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia, makusudi kabisa, maana mpiga kasia ni mmoja na anapigia kulia. Wangeiunda sawasawa ingekuwa inakata kona tu. Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa anashindilia nyuzi kwenye ufa, nyundo inalia tak, tak, tak. Pembeni yangu dada mwenye begi jekundu akasema, kama anaongea peke yake, "Calafatear."

Nikageuka. "Umesema kalafati?"

Mwanahamisi, tulikaa pale mpaka jua likazama. Kwao ni kisiwa cha Chiloé, kusini mwa Chile, ambako zipo nyumba zilizosimama kwenye nguzo juu ya maji, na babu yake alikuwa fundi wa mashua. Yeye kwa Kihispania, yule mzee kwa Kiitaliano chake, mimi kwa Kiswahili, neno la kuziba nyufa za chombo ni lile lile. Nikamchorea mkuku, ule mti wa chini wa chombo, na mataruma, mbavu zake, nyuma ya risiti. Akaniuliza sisi tunazibia nini, nikamwambia pamba na mafuta, akataka kujua mafuta gani, yananukaje. Naye akanieleza kwamba chini ya majumba yale yote ya mawe kuna magogo yaliyokitwa kwenye tope, na kwa kuwa kule chini hakuna hewa, hayaozi upesi. Daraja la Rialto limesimama juu ya magogo ya namna hiyo tangu 1591. Nikamsimulia boriti za mikoko za Rufiji. Hayo nayo anataka kuyaona, lakini tuanze na Bagamoyo.

Usiku wa tatu tuliagana tukutane stesheni saa tatu, turudi Mestre pamoja. Simu yangu ikazima na mimi nikapotea. Vichochoro vya kule unavifuata hadi mwisho, unakuta ngazi tatu za kijani kwa ukoga, halafu maji. Nilifika stesheni saa tano na nusu, roho mkononi. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi za nje, treni zimempita zote, ameniwekea nusu ya mkate wake. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinipokea begi tu.

Ndiyo maana sitaki alale hotelini. Alale kwako, ale mnachokula. Hela ya mboga nitatuma, usinirudishie. Na zawadi yako ninayo, shanga za Murano, kisiwa cha vioo cha Venice. Wapagazi waliotoka hapo hapo Bagamoyo kwenda bara walibeba shanga nyingi za Venice, kwa hiyo hizi zinajua njia.

Sasa nijibu upesi. Ile mashua ya Chande bado iko nchi kavu, au wameshaishusha? Baba mdogo ataridhia mwanamke ashike tezo yake, au nije nimwombe mwenyewe? Chumba cha uani kimeezekwa? Mama atasemaje? Tupande gari la Makumbusho Jumamosi asubuhi, au siku hiyo una shughuli? Na wewe, tangu bibi aondoke, unalala?

Wako,
Rehema